AFYA YA FAMILIA: Azitromisini ya baba si dawa ya mafua ya watoto

 

Mwezi huu tunajibu swali la mama mmoja. Mume wake alilazwa hospitalini hapa mjini kwa mafua makali, ile gripu ambayo majirani zetu Wanyarwanda wanaiita ibicurane. Mungu alisaidia, baba akapona na kurudi nyumbani. Sasa mama anauliza hivi: "Kila siku mnatuambia mafua hayatibiwi na antibiotiki. Mbona munganga alimwandikia mume wangu azitromisini? Na vile vidonge vilivyobaki, siwezi kuwapa watoto wakianza kukohoa?"

Swali hili ni zuri sana, na wengi wanalo moyoni ila hawaulizi. Basi tulijibu polepole.

MAFUA YANATOKA WAPI?

Mafua yanaletwa na virusi. Antibiotiki, kama vile amoksisilini na azitromisini, zinaua bakteria. Virusi na bakteria ni wadudu wa aina mbili, na dawa ya huyu haimuui yule. Hata ukimeza pakiti nzima ya antibiotiki, kirusi cha mafua hakisikii kitu. Ndiyo maana mtu mzima mwenye afya akipata mafua tunamwambia apumzike, anywe maji na chai kwa wingi, ameze parasetamoli kwa homa, na mwili wenyewe utashinda baada ya siku kadhaa.

Sasa kwa nini hospitalini wanazitoa? Sababu ziko mbili.

SABABU YA KWANZA: NIMONIA INAYOFUATA

Mafua makali yanachubua njia ya hewa na kuacha mlango wazi. Bakteria wanapita hapo na kuleta nimonia. Mwaka 1918, mafua yalipoua mamilioni ya watu duniani, antibiotiki zilikuwa bado hazijapatikana. Wataalamu waliochunguza upya mapafu yaliyohifadhiwa tangu wakati ule waliandika mwaka 2008 kwamba wengi wa wale marehemu walimalizwa na nimonia ya bakteria iliyokuja juu ya mafua. Kwa hiyo daktari akiona dalili za nimonia, au akiwa na wasiwasi nayo kwa mgonjwa aliyezidiwa, antibiotiki ni dawa ya haki kabisa. Inaokoa maisha.

SABABU YA PILI: KUPOZA MOTO WA MWILI

Hii ndiyo watu wengi hawaijui. Mnawajua watu wa irondo, wanaolinda mtaa usiku. Mwizi akiingia nyumbani kwako wanakuja kukusaidia. Lakini wakija wengi mno, na kwa hasira, watamfukuza mwizi na wakati huohuo watavunja mlango, meza na sahani zako. Mwili nao uko hivyo. Kirusi kikiingia mapafuni, askari wa mwili wanakimbilia pale, sehemu ile inavimba, inapata joto na kujaa majimaji. Hiyo ni kazi nzuri, ila ikipita kiasi mgonjwa anashindwa kupumua. Wengine wanaumizwa na vita yenyewe kuliko kirusi.

Madaktari waligundua zamani kwamba kundi moja la antibiotiki, lenye eritromisini, klaritromisini na azitromisini, linaweza pia kutuliza askari hao. Huko Japani, tangu miaka ya 1980, eritromisini kidogo kidogo kwa muda mrefu ilibadilisha maisha ya watu wenye ugonjwa mmoja wa mapafu ambao zamani uliua wengi. Ndipo watu wakajiuliza: je, haiwezi kusaidia na mtu mzima aliyelazwa kwa mafua?

Walijaribu. Katika utafiti wa Hong Kong uliotolewa mwaka 2017, wagonjwa 50 waliolazwa kwa mafua walipewa oseltamivir, dawa inayopigana na kirusi chenyewe. Baadhi yao waliongezewa azitromisini kwa siku 5. Damu ya walioongezewa ilionyesha alama za moto zikishuka haraka zaidi. Habari njema, si ndiyo? Lakini tulieni kwanza. Watu 50 ni wachache mno kutuambia kama dawa inaokoa maisha. Alama kushuka kwenye damu ni jambo moja, mtu kutoka kitandani ni jambo lingine.

Tumeliona hilo wakati wa korona. Mwaka 2020 azitromisini ilitafutwa kila mahali, watu wakainunua kama sukari. Uingereza wakaipima katika utafiti mkubwa ulioitwa RECOVERY, wenye wagonjwa zaidi ya 7,700 waliolazwa. Matokeo yalitoka mwaka 2021: katika kila wagonjwa 100, walifariki kama 22 kwa waliopewa, na kama 22 kwa wasiopewa. Haikuongeza kitu. Korona si mafua, ni kweli, lakini somo tumelipata.

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutibu mafua. Linashauri madaktari wasitumie antibiotiki za kundi hili kutibu mafua makali yenyewe, kama hakuna bakteria. Na kwa mafua ya kawaida, pasipo dalili ya bakteria, linasema wazi: msitoe antibiotiki.

Kwa hiyo, mama yetu, usikasirike na daktari wa mume wako. Yeye alimwona mgonjwa, alisikiliza kifua, na inawezekana kabisa alihofia nimonia. Lakini unayo haki ya kuuliza kwa adabu: "Daktari, dawa hii ni ya nini? Mmeona nimonia? Anywe siku ngapi?" Kuuliza si kukosa heshima.

NA VILE VIDONGE VILIVYOBAKI?

Hapa jibu ni fupi: hapana. Usiwape watoto.

Kwanza, kipimo cha mtoto kinafuata kilo zake, na kidonge cha mtu mzima hakikutengenezwa kwa ajili yake. Pili, azitromisini inaweza kuharisha, na kwa watu wengine inavuruga mapigo ya moyo. Tatu, na hili ni letu sote, kila antibiotiki inayomezwa bure inawafundisha bakteria kuizoea. Siku mtoto atakapopata nimonia ya kweli, dawa itakataa. Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2019 peke yake watu kama milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu bakteria walikuwa wamezoea dawa. Sisi tunaoishi nyumba kwa nyumba, tunaochota maji bomba moja, bakteria sugu wa jirani kesho ni wako.

Vilivyobaki virudishe farumasi au kituo cha afya. Na safari nyingine mgonjwa amalize dawa kama alivyoelekezwa, ili visibaki.

JE, KWETU MAFUA NI JAMBO LA HATARI?

Oktoba 2009 yale mafua mapya yaliyoitwa ya nguruwe yalithibitishwa kwa mara ya kwanza Rwanda, hapa Kigali, na kwa wiki chache yakafika nchi nzima. Hadi Mei 2010 vipimo vilikuwa vimethibitisha wagonjwa 532, na hakuna aliyeripotiwa kufa kati yao. Basi tusiogope kila kikohozi. Lakini kambi ni mahali pa watu wengi na nyumba ndogo. Nchini Kenya, kwenye kambi za Dadaab na Kakuma, uchunguzi wa miaka ya 2007 hadi 2010 ulikuta virusi vya mafua pamoja na virusi vingine vingi vya kifua kwa wakimbizi waliokuwa wagonjwa. Tukae macho.

Mpelekeni mtu mzima kituo cha afya haraka, usiku au mchana, mkiona:
- anapumua kwa shida, au kifua kinamuuma;
- midomo inageuka rangi, au anatema damu;
- amechanganyikiwa, au haamki vizuri;
- alipata nafuu, halafu homa ikarudi kwa nguvu. Hii mara nyingi ndiyo ile nimonia inayofuata.

Wajawazito, wazee, wenye sukari, pumu, ugonjwa wa moyo au virusi vya ukimwi wasisubiri hata hizo dalili. Dawa ya kupigana na kirusi, ikiwepo, inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya siku 2 za mwanzo. Mwenye kadi ya mituweli aende nayo. Na kikohozi kikipita wiki 2, omba kupimwa kifua kikuu.

Nyumbani, kohoa kwenye kiwiko cha mkono, nawa mikono kwa sabuni, fungua dirisha, pika nje ikiwezekana. Na watoto wamalize chanjo zao. Mwaka 2009 Rwanda ilikuwa ya kwanza kati ya nchi maskini kuanza kuwachanja watoto wote dhidi ya pneumokoka, bakteria anayeleta nimonia. Chanjo hiyo inamsaidia mtoto kuliko vidonge vilivyobaki chini ya godoro.

Haya basi, mama yetu. Mpe baba pole, na watoto wape chai ya moto. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Kaeni salama.