Akimaliza ukurasa, muulize
Wanaopima usomaji wa mtoto kwa kasi naomba niwapinge kidogo. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto akishazishika silabi anakusomea hata gazeti. Kuelewa ni habari nyingine. Mpe hii: "Asha aliteka maji kisimani. Alipofika nyumbani ndoo ilikuwa tupu, na njia nzima nyuma yake imelowa." Ataisoma bila kukwama. Sasa muulize ndoo ina tatizo gani. Neno "kutoboka" halimo, lazima alitoe kichwani mwake, na hapo wengi hukodoa macho tu.

Watafiti Gough na Tunmer walilieleza hili mwaka 1986: uelewa ni zao la kuzidisha utambuzi wa maneno kwa uelewa wa lugha yenyewe. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri. Sisi tuliopitia madrasa tunalijua. Tulisoma Kiarabu kwa ufasaha, maana tukaingoja kwa mwalimu (wala si aibu, ndiyo hatua ya kwanza).

Wazazi na walimu, msikimbilie kupiga makofi. Mwambieni mtoto afunge kitabu, kisha awasimulie alichosoma.