Kabla ya msasa, ulizeni karatasi

Leo nataka kusema juu ya pikipiki moja ya zamani, Yamaha AG100. Sie vijana wa garaji hapa Base Camp, Nakivale, tuliitengeneza mpaka ikang'aa, na mpaka leo haijabeba hata abiria mmoja.

Wengi mnaijua AG100 hata kama jina hamlijui. Ni ile ya mapadri na mabwana shamba: keria mbele na nyuma, injini inayochoma oili pamoja na petroli, mnyororo umefunikwa wote ili tope lisiingie. Yetu ililala miaka mingi nyuma ya stoo ya shirika moja, kuku wanataga chini yake. Siku wanahama ofisi, mmoja wao akatuambia, "Chukueni, mjifunzie." Tulifurahi sana. Hakuna aliyeuliza karatasi.

Fundi wetu ni mzee aliyekuwa na garaji Uvira kabla ya kukimbia. Aliizunguka mara mbili akasema, "Moto hii iko mzima, ni nguo tu inakosa." Basi tukaanza na nguo. Tangi lilijaa kutu ndani: tukatia siki na kokoto, tukatikisa, tukamwaga, tukarudia siku tatu. Palipotoboka tukataka kuchomelea haraka, mzee akatugombeza kabisa. Tangi lililokaa na petroli linaoshwa kwanza kwa maji na sabuni, halafu linajazwa maji mpaka karibu na tundu, kwa sababu mvuke unaobaki ndani ndio unaolipuka. Madigadi tuliyanyoosha kwa nyundo ya mbao, tukajaza mabonde kwa pati, tukapiga msasa mkali, halafu laini, rangi ya chini, ndipo kijani. Kifuniko cha pembeni kilikuwa na ufa. Tulijaribu kuyeyusha kipande cha jerikeni juu yake, ikakataa kushikana, maana plastiki si moja. Tukatoboa matundu madogo kando ya ufa tukashona kwa waya mwembamba.

Spea ndiyo ilikuwa shule yenyewe. Mbarara kila duka ni Boxer. Ukitaja AG100 wanacheka, "Hiyo ni ya babu yako!" Mzee akatufundisha tusiulize jina la pikipiki, tuulize kipimo. Bearingi haijui pikipiki, inajua namba yake. 6202 ni tundu milimita 15, nje 35, unene 11, hata kama imetoka kwenye mota ya umeme. Waya wa klachi unanunua mrefu, unakata, unatia risasi kichwani. Taa ya nyuma tuliweka ya Boxer, na nani atajua?

Sasa sikilizeni. Tulipotaka kuiandikisha kwa jina la kikundi tuliulizwa logibuku na barua ya aliyetupa. Tukarudi kwa shirika. Aliyetupa, mkataba wake umeisha, ameondoka. Mmoja akasema pikipiki hiyo haiko kwenye orodha. Mwingine akasema iko, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuitoa. Haiko, na iko. Miezi minne ya jasho, na pesa za spea tulizochanga wenyewe, zimekwama hapo.

Wenzangu wengine wanasema, "Si muiendeshe tu humu ndani, nani atauliza?" Mimi nakataa. Siku utakayogonga mtoto wa mtu ndiyo siku utakayoulizwa. Na kijana mkimbizi juu ya pikipiki isiyo na karatasi, nyinyi mnajua ataitwa nani kabla hajafungua mdomo. Sie tunajua vizuri maisha ya kusubiri karatasi. Hatukuhitaji kuongeza na ya pikipiki.

Kwa vijana: kabla ya kununua hata kipande kimoja cha msasa, omba logibuku na barua yenye sahihi na muhuri. Halafu tafuta namba ya chasisi, iliyopigwa kwenye chuma chini ya usukani, uone kama inafanana na ile ya kwenye kitabu. Ifunike kwa selotepu wakati wa kusugua na kupaka rangi. Mwenzetu mmoja alikaribia kuisaga akidhani ni kutu, mzee akamshika mkono: "Ukifuta hiyo, umekuwa mwizi."

Kwa ndugu zetu wa mashirika: najua yule aliyetupa alikuwa na roho nzuri, simlaumu. Lakini zawadi isiyo na karatasi ni mzigo unaotuachia. Mnatufundisha kila mwaka kujitegemea, mnatupa vyeti na masanduku ya vifaa. Pikipiki moja mbovu yenye logibuku ingetufundisha zaidi, na baadaye ingebeba unga, wagonjwa na ada za shule. Barua ya kukabidhi ni ukurasa mmoja. Spea ya babu tuliipata, ukurasa huo hauuzwi Mbarara.

Kila Jumamosi mzee anaiwasha dakika tano, ili injini isikwame. Tunasimama pale kusikiliza, halafu anaizima, tunairudisha chini ya turubai. Kama wewe unayesoma una pikipiki ya zamani nyuma ya stoo yako, usitupigie simu bado. Tafuta kwanza logibuku yake.