Kifaa kisicho na jina humgharimu mwenye gari

Huenda msomaji akashangaa kumwona mwalimu wa isimu akijitosa katika mambo ya dizeli na ekzosi, ilhali hajawahi kushika spana kwa riziki. Ninayo sababu. Ugomvi mwingi uliopo baina ya wenye magari na makanika wa Kisii, Keroka na Nyamira, ukiuchunguza kwa makini, utauona ni ugomvi wa neno.

Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka 8. Kwa hiyo magari mengi ya dizeli yanayotoka Japani siku hizi huja na chujio ndani ya bomba la moshi. Chujio hilo hunasa masizi. Yakizidi, kompyuta ya injini huongeza dizeli kidogo ili moshi upate joto la nyuzi zipatazo 600, masizi yaungue, yabaki majivu tu. Je, kompyuta hujuaje kwamba chujio limejaa? Hapo ndipo kinapoingia kidude kisichozidi ukubwa wa kiganja, chenye vijibomba viwili: kimoja hutoka upande moshi unapoingilia chujio, cha pili upande unapotokea. Kidude hupima tofauti ya presha baina ya pande hizo. Tofauti ikiwa kubwa, njia imeziba.

Kidude hicho kikidanganya, mambo huharibika. Kompyuta huamrisha masizi yachomwe tena na tena pasipo haja, na dizeli ya ziada huvuja hadi katika oili ya injini. Ama hujulishwa kwamba chujio ni safi, ilhali limeshindiliwa. Taa ya njano huwaka, na gari hukosa nguvu katika mlima wa kuelekea Keroka. Safari zetu nazo hazisaidii: Kisii hadi Suneka, Nyamira hadi Kebirigo, simama, shusha, pakia, geuza. Moshi haupati muda wa kuchemka inavyopasa.

Kukibadilisha si mchezo. Katika magari mengi kimefungwa nyuma ya injini, karibu na ukuta unaoitenga na miguu ya dereva, mahali mkono hupita lakini jicho halifiki. Gereji zetu za jua kali aghalabu hazina shimo wala mashine ya kuinulia gari. Fundi huweka jeki na mawe, akalala juu ya gunia, akapapasa. Bolti zimeshika kutu. Vijibomba vimekauka kwa joto, ukivivuta kwa pupa hukatika. Mafundi wenyewe wamenieleza kwamba bolti mbili tu huweza kumaliza nusu siku. Na baada ya hayo bado kuna mashine ya kuijulisha kompyuta kwamba kifaa ni kipya, mashine ambayo si kila gereji inayo.

Basi fikiria uchungu wa kuifanya kazi hiyo kwa kifaa kisicho chenyewe. Fundi hukiita “sensa ya ekzosi”. Akizungumza Ekegusii husema “esensa”, jinsi gari lilivyokuwa “egari”, na sarufi yake haina dosari. Tatizo liko kwingine. Katika bomba hilohilo mna sensa za joto, na pengine za kupima gesi. Anapopiga simu Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, na kuagiza “sensa ya ekzosi”, muuzaji humpelekea aliyo nayo. Kifurushi hufika kwa matatu ya jioni. Kikifunguliwa, ni ya joto. Na kila mnunuzi anaijua ile amri ya dukani kwamba vifaa vya umeme vikishauzwa havirudishwi. Mwenye gari humwita fundi mwizi. Fundi humwona mwenye gari bahili. Hakuna aliyeiba.

Wenzangu watajibu kwamba istilahi ipo. Kweli, wanafizikia wa Kiswahili walitupatia “kanieneo”, yaani kani igawanywayo kwa eneo, neno lililoundwa kwa ustadi mkubwa. Lakini nenda Daraja Mbili ukaulize kanieneo inauzwaje! Kila mtu pale anaijua presha: ya magurudumu, ya sufuria, hata ya nyanya yake anayemeza dawa kila asubuhi. Maadam tuna “kipimajoto”, sioni kizuizi cha kusema “kipimapresha cha chujio”. Neno hilo humweleza fundi, mwenye gari na muuzaji kazi ya kifaa, na humkumbusha fundi avikague kwanza vile vijibomba viwili, kwani mara nyingine ndivyo vilivyopasuka au kuziba, na bei yake haifikii ya kifaa chenyewe hata kidogo.

Lipo jambo zito kuliko fedha. Mwenye gari aliyechoka kulipia sensa huambiwa dawa ni moja: chujio lifunguliwe, matumbo yake yatolewe, bomba lichomelewe upya, kompyuta idanganywe. Gari hupata nguvu, naye hufurahi. Masizi hurudi barabarani, penye wauza ndizi na watoto wa shule. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani. Mwaka 2015 Kenya na jirani zake walianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa kila milioni, na mojawapo ya faida zake ni kuyawezesha machujio hayo kufanya kazi. Leo tunayatoboa kwa nyundo, wakati mwingine kwa sababu ya kijibomba kilichopasuka.

Vyuo vya ufundi vya Kisii na Nyamira vinafundisha kwa vitabu vya Kiingereza, kisha mwanafunzi huenda gereji ambako hakuna anayezungumza kama vitabu hivyo. Walimu wa vyuo hivyo na sisi wa isimu tungeweza kuketi siku mbili na makanika wazoefu, injini ikiwa wazi mbele yetu, tukakipa kila kifaa cha ekzosi jina, na kando ya jina tukaandika mahali kinapokaa na mahali namba yake ilipochapwa. Karatasi moja ingetosha, ikabandikwa ukutani mwa gereji, mafuta yakiichafua ichapwe nyingine.