Motokaa Kuukuu: Ifufuliwe au Izikwe?

Miongoni mwa wapenzi wa motokaa za Kimarekani zenye nguvu, zile zilizotamba katika barabara za nchi ile tangu 1964 mpaka mwanzo wa miaka ya 1970, imezuka kanuni iliyo rahisi kukaririwa na mbaya kufuatwa. Kanuni hiyo yasema kuwa gari kuukuu lastahili kutengenezwa iwapo tu bei ya kuliuza itazidi gharama. Mwenye gari hushika kalamu, akajumlisha, akatoa. Jibu likiwa hasara, gari hukatwakatwa likauzwa vyuma. Hesabu hiyo ina sura ya busara. Kwa hakika ni hesabu ya mchuuzi, na mchuuzi mwenyewe aghalabu huikosea.

Huikosea kwa sababu hutazama injini kwanza. Injini ya silinda nane ikifa hufufuka: silinda huchongwa, pistoni na ringi mpya hutiwa. Hakimu wa kweli ni kutu. Ford Mustang na Dodge Charger hazina chasisi iliyo mbali na bodi. Sakafu na mihimili iliyounganishwa nayo ndiyo hubeba mzigo. Katika Mustang za kwanza maji ya mvua hupenya matundu ya hewa yaliyo mbele ya kioo, yakatuama pasipoonekana, yakala chuma kutoka ndani. Paa lililovikwa vinili nalo huficha uozo chini ya vazi lake. Rangi mpya si ushahidi. Sumaku isiyonata ubavuni husema zaidi, kwani hapo pana puti wala si bati. Heri injini iliyokufa katika bodi nzima kuliko ingurumayo katika bodi iliyooza.

Lakini dhara kubwa la kanuni hiyo ni kuzaa uongo. Pontiac GTO ya 1964 haikuwa gari la peke yake: ilikuwa Tempest LeMans iliyoongezewa vifaa vya dola zipatazo 296, injini ya inchi za ujazo 389 ikiwa mojawapo. Namba za 1964 na 1965 haziwatengi ndugu hao. Ni tangu 1966 tu ambapo namba ya GTO ilianza kwa 242. Basi mjanja hununua LeMans nzima, akaibandika beji, akaiuza kwa jina lisilo lake. Ikiwa thamani ni bei tupu, huyo amekosa nini? Na LeMans ya halali, iliyotunzwa na mwenyewe toka kiwandani, huitwa haifai kwa kuwa ni LeMans!

Msomi wa miswada angelishangaa. Ukurasa ulioliwa na mchwa hutiwa kiraka. Hauandikwi upya ukaitwa wa kale.

Watu watajibu kwamba fedha haziokotwi. Ni kweli, na yapo magari yapasayo kuachwa. Bodi mpya za Mustang hufinyangwa na kuuzwa leo. Ambaye gari lake limeoza mihimili yote, hata likabaki namba na usukani, hafufui kitu bali anajenga kingine. Huyo na aache, ila sababu si hasara: gari lenyewe limekwisha kutoweka.

Anayekwenda kununua na achukue tochi na sumaku, alale chini ya gari, kisha ndipo aulize bei.