Kansa ya damu: mashine za Ebola zingesaidia Beni na Butembo

Wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, mashine za GeneXpert zilitoa majibu Beni na Butembo kwa saa chache. Zinapima pia kifua kikuu. Wachache wanajua kwamba zikiwekewa katriji nyingine zinatambua BCR-ABL, jeni mbovu ya aina fulani ya leukemia, yaani kansa ya damu. (Si ugonjwa wa ukoo: jeni hiyo inazuka ndani ya damu ya mgonjwa mwenyewe.)

Kuitambua kunabadili matibabu. Katika jaribio lililoongozwa Marekani na kuchapishwa 2009, watoto wenye leukemia kali ya aina hiyo walipewa kemotherapia pamoja na imatinib, kidonge kinacholenga protini ya jeni hiyo. Kati ya waliokitumia muda mrefu zaidi, 80 kwa 100 walitimiza miaka 3 bila ugonjwa kurudi. Zamani walikuwa 35.

Leo viwanda vya India vinakitengeneza kwa bei ndogo. Lakini bila kipimo, daktari hajui nani apewe. Na katriji ya leukemia ya polepole si ile inayofaa watoto wengi wenye leukemia kali. Kukosea oda ni kumkosa mgonjwa. Wakuu wa afya Kivu Kaskazini wanabaki na maswali mawili: nani atalipa katriji, na mtoto atapata wapi kemotherapia wakati barabara zenyewe ni za hatari?