Swali Moja Kabla ya Chanjo

David Vetter alipozaliwa Houston, Marekani, mwaka 1971, madaktari walimwingiza mara moja kwenye chumba cha plastiki kisicho na vijidudu. Walikuwa wamejiandaa kwa sababu kaka yake alikwisha kufa kwa ukosefu wa kinga ya mwili akiwa na miezi saba. David alifariki mwaka 1984, akiwa na miaka 12, baada ya kupandikizwa uloto wa dada yake uliokuwa na kirusi kilichojificha. Jeni iliyohusika, IL2RG, ilitambuliwa mwaka 1993.

Jeni hiyo imo katika kromosomu X. Mama mwenye nakala moja mbovu huwa mzima, kwani ile ya pili inafanya kazi. Mvulana hana akiba hiyo: akirithi nakala mbovu, mwili wake hautengenezi seli T, askari wakuu wa kinga. Huzaliwa mnene, akanyonya vizuri. Baada ya miezi michache huja fangasi wa mdomoni asiyekwisha, kuhara, nimonia na uzito kushuka, na ni rahisi kudhani ni utapiamlo au Virusi vya Ukimwi.

Wakati huo ameshachomwa BCG, chanjo ya kifua kikuu anayopewa akizaliwa. Chanjo hiyo ina bakteria hai waliodhoofishwa. Mtoto mwenye kinga hubaki na kovu tu. Kwa asiye na seli T, bakteria haohao wanaweza kusambaa mwili mzima.

Septemba 2021, Uingereza ilisogeza BCG hadi siku ya 28 katika majaribio ya kuwapima wachanga ugonjwa huu, ili majibu yatangulie sindano. Je, Tanzania na Kenya zifuate? Hapana. Kifua kikuu bado kimo majumbani mwetu, na BCG huwakinga wachanga dhidi ya kile kinachoshambulia ubongo. Marekani, ugonjwa huu wa kinga, kwa aina zake zote, ulikadiriwa kumpata mtoto 1 kati ya 58,000. Kuwachelewesha wote kwa ajili yake ni kuwaweka wengi hatarini.

Hata hivyo, muuguzi anaweza kumuuliza mama: kwako, au kwa mama yako, kuna mtoto wa kiume aliyefariki akiwa mchanga? Akijibu ndiyo, sindano ya huyo mmoja isubiri na apimwe picha kamili ya damu. Limfosaiti (kundi la seli linalojumuisha seli T) chache mno ni dalili nzito, ingawa idadi ya kawaida haiondoi shaka yote. Swali hilo halitamnasa mgonjwa wa kwanza katika ukoo. Kwa huyo kinahitajika kipimo cha tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi, njia ambayo kliniki zetu tayari hutumia kuwapima wachanga VVU.

Wapo wanaouliza faida ya kumgundua mtoto tusiyeweza kumtibu. Hoja hiyo inapungua nguvu: mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Upandikizaji kwa ugonjwa huu wa kinga una ugumu wake, lakini Amerika Kaskazini, watoto waliopandikizwa kabla ya miezi mitatu na nusu walinusurika kwa asilimia 94. Miezi hiyo huanza kuhesabika siku ileile ya BCG.