Ramani ya Nyumba Kwenye Kompyuta: Programu Haikatai Kipimo cha Uongo

Zamani si nyingi, familia iliyojaaliwa kiwanja ilikwenda kwa mchora ramani na karatasi ya daftari iliyochorwa kwa kalamu ya risasi, vyumba vitatu na sebule, ikarudi baada ya wiki kadhaa kuona kilichotoka. Siku hizi kijana wa nyumbani hufungua kompyuta baada ya Alasiri, na kabla ya adhana ya Isha nyumba nzima imesimama kwenye kioo, ina makochi, mapazia na hata mti mlangoni. Jambo hili tunalipenda. Mama wa nyumba anaingia jikoni mwake kabla ya tofali la kwanza kulazwa, na akiona sinki limekaa pasipofaa anasema, likahamishwa bila gharama.

Hata hivyo, malalamiko nayo hayakosi. Programu imegoma, chumba hakikubali kufungwa, mlango umefunguka ukaonyesha ukuta, ramani iliyotoka kwenye karatasi si ile iliyokuwa kwenye kioo. Wengi hukimbilia kuifuta na kuipakua upya. Sisi tunadhani katika mengi ya malalamiko hayo programu ni nzima, na kilicho kigonjwa ni kipimo. Programu hupokea namba yoyote unayoipa. Haikuulizi kama umepima kweli, na namba hiyo ndiyo atakayochimbia msingi fundi.

Tuchukue mfano wa programu moja ili tusizungumze hewani. Sweet Home 3D, iliyoandikwa na Mfaransa Emmanuel Puybaret, hutolewa bure na kwa leseni huria, nayo hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Haidai kompyuta ya bei kubwa, na upande mmoja huonyesha ramani ya juu huku upande wa pili ukionyesha nyumba ikiwa imesimama. Wanaotumia SketchUp au nyingine watayatambua maradhi haya haya kwa sura tofauti.

La kwanza ni unene wa kuta, nalo tutakaa nalo kwa sababu ndilo linaloumiza zaidi. Programu hii ikitumia vipimo vya metriki, ukuta mpya huuchora ukiwa na unene wa sentimita 7.5 na kimo cha sentimita 250. Unene huo ni wa kizigeu chepesi cha mbao au bodi, si wa tofali la bloku. Huku kwetu fundi atajenga kwa tofali la inchi 6, yaani takriban sentimita 15, kisha apige lipu pande zote mbili. Na tena, mstari unaouvuta unapochora ukuta hupita katikati ya unene wake, si ukingoni. Basi familia ikichora chumba cha mita 3 kwa 3 kwa kufuata mistari hiyo, ndani ya kioo chumba kina sentimita 292.5. Kikijengwa kwa tofali la inchi 6 kinabaki na 285, na lipu ya sentimita moja na nusu kila upande ikikifikisha 282. Sasa weka kitanda cha sita kwa sita, ambacho ni sentimita 183 kabla hata ya kuhesabu mbao za pembeni, na kabati lenye kina cha sentimita 60 upande wa pili. Waliofikiri mita 3 ni mita 3 walitarajia njia ya sentimita 57. Watapata 39. Mtu mzima hapiti hapo ila kwa ubavu, na mama mjamzito hapiti kabisa.

Dawa yake ni nyepesi ikitumiwa mapema. Kabla ya kuvuta mstari wa kwanza, ingia kwenye mipangilio ya programu, andika unene wa ukuta mpya kuwa sentimita 15, au 18 ukitaka kuihesabu na lipu, na kimo kile mtakachojenga kweli. Kama mmeshachora, chagueni kuta zote kwa pamoja mbadilishe unene mara moja. Kumbukeni tu kwamba zitanenepa pande zote mbili na kula nafasi ya ndani. Kisha tumieni chombo cha mistari ya vipimo kupima uso wa ukuta hadi uso wa ukuta, chumba kwa chumba. Namba hiyo ndiyo ya kuamini, na chumba kikionekana kidogo, sogezeni ukuta sasa hivi.

Karibu na ugonjwa huo kuna wa futi na mita. Kompyuta nyingi zinazouzwa kwetu zimewekwa Kiingereza cha Marekani, na programu ikikuta hivyo huanza kwa futi na inchi. Kubadili ni kazi ya dakika moja kwenye mipangilio. Ubaya huja pale baba anapotaja kiwanja kwa futi, kijana akachora kwa mita, na wote wawili wakakubaliana kwamba futi ni sentimita 30. Futi moja ni sentimita 30.48. Katika chumba cha futi 10 tofauti haionekani, lakini katika nyumba ya futi 40 inafika sentimita 19, ambayo ni zaidi ya unene wa ukuta mzima. Ugonjwa huo huo ndio unaofanya kitanda kilicholetwa kutoka kwenye mkusanyo mwingine wa vielelezo kiingie kikubwa kama uwanja au kidogo kama kiberiti. Aliyekichora alikuwa na kipimo chake. Fungua maelezo ya kifaa hicho, andika upana wake wa kweli, na uache uwiano ujirekebishe.

Wapo wanaoanza na picha, yaani ramani ya zamani iliyopigwa kwa simu na kuwekwa chini ili wachore juu yake. Programu itakuomba uweke mstari juu ya urefu unaoufahamu, kisha uandike urefu huo. Wengi huchagua mlango kwa kuwa unaonekana vizuri. Tunashauri msifanye hivyo. Kosa la sentimita 2 kwenye mlango wa sentimita 90 linakuwa kosa la sentimita 26 na zaidi kwenye upande wa mita 12. Chagueni upande mrefu kuliko wote katika ramani ile, na picha ipigwe simu ikiwa sambamba na karatasi. Simu ikiinama, upande mmoja wa nyumba hukua na wa pili husinyaa, wala hakuna skeli itakayoponya hilo.

Tuje kwenye chumba kisichofungika. Ukibofya mara mbili ndani ya kuta zilizokamilika, programu hutandaza sakafu na kuandika eneo kwa mita za mraba. Isipofanya hivyo, au sakafu ikimwagika hadi koridoni, pana mwanya. Mara nyingi ni wa sentimita moja, hauonekani mpaka ukuze picha kwenye kila kona. Sogeza ncha ya ukuta mmoja mpaka ishikane na ya mwenzake, na hakikisha ule mvuto unaonasa ncha za kuta haukuzimwa kwenye mipangilio. Watumiaji wa SketchUp wanalijua hili kwa jina jingine: uso haujazi kwa sababu mistari miwili haikukutana.

Kinyume cha mwanya ni ukuta wa ziada. Anayeanza huchora kila chumba kama sanduku lake, kisha hubandika sanduku kando ya sanduku. Kwenye ramani ya juu inapendeza. Kwenye picha iliyosimama, kuta zikilaliana rangi zake humetameta kama maji, na zikiwa kandokando, mlango hutoboa ukuta mmoja tu na nyuma yake kuna wa pili umekaa kimya. Watu hudhani mlango ni mbovu. Futeni ukuta mmoja, vyumba viwili vitumie ule uliobaki. Na hili si la kioo peke yake: ukuta wa mita 4 kwa kimo cha mita 2.7, kwa tofali lenye urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9, unakula matofali yasiyopungua 90. Atakayehesabu vifaa kwa kufuata ramani hiyo atawanunulisha.

Picha iliyosimama ikiwa nyeusi au ikikwama kila unapogeuka, hapo kweli tatizo ni la kompyuta. Sasisheni kiendeshi cha kadi ya picha, na mpunguze vyombo vyenye nakshi nyingi. Kochi moja lililochongwa kwa maelfu ya vipande linaweza kuilemea mashine kuliko nyumba yenyewe. Watoto hupenda kuanza na makochi. Waacheni, lakini wayafiche mpaka kuta zimalizike. Na kwa kuwa umeme wetu hauna ahadi, wekeni katika mipangilio ile nafasi ya kuhifadhi kazi kila baada ya dakika chache, na nakala ya faili ikae pia kwenye flashi.

Linalofuata halionekani kama kosa, nalo linahusu nyumba zetu hasa. Kwenye ramani kuna alama ya dira, na programu huchukulia kwamba kaskazini iko juu ya karatasi mpaka uiambie vingine. Viwanja vyetu hufuata barabara, na barabara haifuati kaskazini. Tazameni mshale wa kaskazini kwenye ramani iliyoambatana na hati ya kiwanja, mzungushe dira ilingane nao, na mwandike mahali mlipo. Hapo ndipo picha itaonyesha jua kwa haki. Dar es Salaam mwezi Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, mwezi Desemba liko kusini, na dirisha linalochoma mwezi mmoja huwa baridi mwezi mwingine.

Na kutoka Dar es Salaam au Mombasa, Kibla kiko karibu kaskazini tupu. Mwanza kinaelekea mashariki ya kaskazini kwa nyuzi kama 15, Kigoma kama 20. Familia nyingi hupenda bakuli la choo lisielekee Kibla wala kukipa mgongo. Wanazuoni wana maelezo yao juu ya choo kilichojengewa ndani, nasi hatuwaingilii. Ila anayelitaka hilo na akaiacha dira ilivyo, atapanga choo chake vizuri sana kwa kaskazini isiyokuwepo. Bomba la maji machafu likishalazwa chini ya zege, kuligeuza ni kubomoa. Vivyo hivyo kwa stara: mwekeni yule mgeni wa kuchorwa ambaye programu humtembeza ndani ya nyumba, asimame mlango wa sebule, kisha mtazame kwa macho yake. Akiona mlango wa chumba cha kulala au mtu atokaye bafuni, geuzeni mlango sasa, kwani pazia si jibu la kila kitu.

Limebaki la kuchapa, na hapa ndipo kazi nzuri ya wiki nzima hupotelea steshenari. Katika mpangilio wa ukurasa programu hukupa njia mbili: ijaze karatasi kadiri inavyoweza, au ifuate skeli uliyoitaja. Chagua skeli. Kwa 1:100, mita moja ya nyumba ni sentimita moja ya karatasi, na nyumba ya mita 12 kwa 10 inaenea kwenye A4 bila shida. Kwa 1:50 inahitaji sentimita 24 kwa 20, na A4 yenye sentimita 21 haiachi ukingo, basi ombeni A3. Kisha mhudumu naye, kwa nia njema, atachagua karatasi ijae, na ramani itasinyaa bila mtu kujua. Choreni pembeni mstari wa mita 10. Karatasi ikitoka tu, pimeni kwa rula papo hapo. Kwa skeli ya 1:100 usome sentimita 10 kamili. Ukisoma 9.6, karatasi hiyo isitoke pale, kwa sababu fundi atakayepima kwa rula atawajengea nyumba ya mita 11.52 mahali pa 12. Vipimo vyote muhimu viandikwe kwa namba, na fundi aambiwe afuate namba.

Ramani hii ya nyumbani haimbebi mhandisi mgongoni. Programu haijui kama ardhi yenu ni ya mfinyanzi, haihesabu nondo za lenta, na itawachorea ghorofa juu ya ukuta wa sentimita 7.5 bila kushtuka. Kwa kibali cha ujenzi halmashauri itataka michoro ya mtaalamu, na Tanzania wabunifu majengo husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Mkienda kwake, chukueni nakala ya hati ya kiwanja, karatasi iliyopimwa kwa rula, na orodha fupi ya yale ambayo hamtaki yabadilishwe: upande wa Kibla, mlango wa wageni, njia ya sentimita 60 kando ya kitanda. Mwulizeni pia kama ataipokea faili yenyewe, na kama hataipokea, mpeni picha za kila chumba kutoka kwenye kioo pamoja na vipimo vya ndani mlivyovisoma uso hadi uso.